Mwaka Feza Alipobeba Magunia

Tulipomzika Papa Sylvain, vijana wa bandarini walitaka jeneza lake libebwe na watu waliofanya kazi chini yake. Mmoja wao, kijana ambaye hakuwa hata amezaliwa wakati mimi nikiitwa Kamio, alinishika kiwiko akaniambia, "Papa Ngoy, njoo huku mbele. Weye ulikuwa mutu wake." Nilitikisa kichwa. Akadhani sikumsikia, akarudia kwa sauti kubwa, na watu waliosimama uani wakageuka kunitazama: mwanaume mpana wa mabega, nywele bado nyeusi, anakataa kumbeba aliyekuwa mkubwa wake wa kazi. Mke wangu Feza alikuwa ameketi na kina mama chini ya turubai. Aliinuka, akakaza kitenge kiunoni, akamwambia yule kijana, "Umuache. Moyo yake haikubali." Kijana akaniomba msamaha mara mbili, jambo lililofanya waliokuwa hawajaona nao waone. Jeneza likatoka, nami nikafuata nyuma pamoja na vikongwe na wajawazito. Nakaribia miaka hamsini sasa, na nimeshafuata nyuma hivyo kwenye misiba mingi ya hapa Kalemie, lakini uso wangu bado huwaka. Hiyo aibu naijua ilikoanzia. Ilianza mwaka mmoja tu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na walioiona ikianza wameshazikwa. Papa Sylvain alikuwa wa mwisho, ukimwondoa Feza.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Mama Yvonne, mjane aliyekaa parsele moja, ua mmoja, na sisi huko mtaa wa Kataki. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili na beseni la Feza la kuuzia samaki. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, na binti yetu Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Kila kitu kilinuka ndagala, dagaa wa ziwani, na sisi hatukuisikia tena ile harufu. Mimi nilikuwa mbebaji bandarini. Boti zilileta chumvi na unga kutoka Kigoma, na simenti kutoka Kabimba, nasi tulizishusha kwa mgongo, tukipita juu ya ubao mwembamba kutoka botini hadi gatini, kisha mpaka depo, ghala la mizigo. Wenzangu waliniita Kamio, yaani lori, kwa sababu nilichukua magunia mawili pale ambapo mtu mwingine alichukua moja, na sikuwahi kuona sababu ya kukataa hilo jina. Nilikuwa narudi nyumbani na vumbi la simenti kwenye nyusi, Feza ananimwagia maji, kisha tunakula bukari, ule ugali wetu, na samaki wa mukebuka wa kukaanga, na sombe ya majani ya muhogo iliyokolea chumvi. Nilikuwa nakula kama mtu anayejua kuwa mwili wake ni mali. Sikujua kama moyo ni kitu cha kufikiria. Nilidhani moyo ni kwa ajili ya kupenda na kukasirika.

Kilichoanza kilikuwa kidogo sana. Katikati ya ubao nilijikuta nataka kusimama. Miguu ilikuwa na nguvu, mgongo haukuuma, ila hewa ilikataa kushuka chini. Ilifika hapa kifuani ikageuka. Nilifika gatini, nikaweka gunia, nikainama kujifanya natoa mchanga kwenye kandambili. Siku iliyofuata tena kandambili, na nyingine tena. "Kamio, mafuta imeisha?" wakaniuliza wakicheka, nami nikacheka pamoja nao huku nikitafuta pumzi ya kuchekea. Baada ya wiki chache Papa Sylvain, ambaye ndiye alikuwa kapita wetu, msimamizi wa kazi, aliniita pembeni nyuma ya depo. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, anayesema polepole. Alisogeza pua karibu na mdomo wangu akanusa. "Ni lutuku, sivyo?" aliniuliza. "Unakunywa asubuhi sasa?" Sikuwa nimekunywa hata tone. Lakini niliangalia chini nikamwambia, "Unisamehe, Papa. Nitapunguza." Leo nikikumbuka, hilo ndilo hunishangaza kuliko yote. Mlevi alikuwa mwanaume bado. Watu wangemcheka, mkewe angemfokea, lakini hakuna ambaye angesema hana nguvu. Nilichagua lutuku kwa furaha, na Papa Sylvain akanitazama muda mrefu kama mtu ambaye hakuridhika na jibu alilolitaka mwenyewe.

Nyumbani sikuweza kudanganya vizuri namna hiyo. Nikilala chali nilihisi kama mtu amekaa juu ya kifua changu, basi nikaanza kulala nimeegemea ukuta, nimekunja blanketi na nguo zote tulizokuwa nazo nyuma ya mgongo. Feza aliamka asubuhi akanikuta nimeketi. "Unalinda wezi?" aliniuliza siku ya kwanza. Siku nyingine hakuuliza. Aliniletea mto wake mwenyewe akauongeza juu ya ile nguzo ya nguo. Mapigo ya moyo yaliacha kwenda kwa mpangilio. Yalikimbia, yakajikwaa, yakakimbia tena, hata nikiwa nimekaa tu nakula. Kisha asubuhi moja nilikohoa na kuona damu kwenye mate, nyekundu hafifu, ina povu. Nilifunika kwa mchanga kwa kidole cha mguu. Mama Yvonne alikuwa anafagia uani, akaona.

Zahanati waliniambia ni kifua kikuu. Mate walipima, hawakuona kitu, lakini nilikuwa nakohoa damu na nilikuwa nimekonda usoni, na kila mtu alijua hiyo maana yake nini. Nilianza dawa zao. Mama Yvonne, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinunua kikombe cha bati chekundu akakitundika peke yake kwenye msumari. "Papa Ngoy, kile njo chako," alisema, akitazama kwingine. Watoto wa majirani wakakatazwa kuingia kwetu. Feza alikuwa akirudi kutoka sokoni, anapitia kwenye ule msumari, anachota maji kwa kikombe changu chekundu na kunywa yote, taratibu, katikati ya ua, Mama Yvonne akimwona. Mimi nilikuwa namwomba asifanye hivyo. Sikuogopa kumwambukiza, niliona aibu kwamba nimekuwa kitu ambacho mke anapaswa kukitetea. Na dawa hazikusaidia. Bandarini nilijiambia kwamba zinachelewa. Miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Neema aliposhika suruali yangu akitaka nimpakate, nilimwambia baba amechoka, na alikuwa mzito kama kuku tu.

Feza ndiye aliyesema tunaenda lopitali kubwa, na hakuuliza kama nakubali. Daktari alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, mtu wa Kabalo, mwenye mikono ya baridi. Feza alibaki nje barazani na Neema, aliyekuwa analia. Daktari alitazama mishipa ya shingo yangu kabla hajanigusa, akabonyeza miguu, akashika mkono muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani, akaniambia nilalie ubavu wa kushoto na nitoe hewa yote. Alifumba macho. Chumba kilikuwa na dirisha lililoelekea ziwani, na nilisikia boti ikipiga honi, nikajua ni ipi, na nikajua ni nani wanaishusha.

"Papa," aliniuliza, "ulipokuwa mutoto, viungo iliwahi kukuuma? Leo goti, kesho kiwiko, na homa?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikakumbuka mwaka ambao sikwenda shule, goti limevimba kama papai, kisha likapona lenyewe na uvimbe ukahamia mguu mwingine. "Ilipona," nilimwambia.

"Kwa magoti ilipona. Kwa moyo haikupona." Alichukua karatasi akachora kitu kama nyumba yenye vyumba. "Moyo iko na milango ya kupitisha damu. Hii mulango yako moja ilipata kovu. Inakuwa ngumu, haifunguke muzuri. Damu inabakia nyuma, inarudi kwa mapafu. Njo maana unashindwa kupumua, njo maana unakohoa damu. Hauna kifua kikuu."

Nilifurahi. Nilifikiria kile kikombe chekundu, nikafurahi. Alipoona nafurahi aliweka kalamu chini na kunieleza yaliyobaki polepole, kama mtu anayejua kwamba mwenzake hataki kusikia. Kulikuwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo ingenifanya nikojoe mara nyingi. Kulikuwa na dawa nyingine ya kutuliza mapigo. Kulikuwa na sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka mingi, ili ile homa ya utotoni isirudi kuuharibu mlango zaidi. Nisile chumvi. Nisibebe mzigo. Na dawa zote hizo zingenisaidia kuishi, lakini mlango zisingeufungua. Ule ulitaka mikono ya madaktari wa upasuaji, na Kalemie hawakuwepo, wala mashine ya kuutazama moyo vizuri haikuwepo. "Usibebe kabisa," alirudia. "Hata gunia moja."

Nilitoka barazani. Feza alisimama, Neema mgongoni, akanitazama usoni. "Amesema nini?"

"Si kifua kikuu," nilisema. "Ni damu kidogo haitembei. Amenipa vidonge."

Alifunika uso kwa mikono akalia kwa furaha, na mimi nikamwacha alie hivyo.

Nilirudi bandarini. Vidonge vya kukojoa nilivimeza siku mbili, nikashindwa, kwa sababu kila niliporudi botini nilikuwa natafuta ukuta wa kujificha, na wenzangu walianza kuniiga kwa kubana mapaja. Nikaviacha. Chumvi niliendelea kula, kwa sababu kuikataa kungetaka maelezo. Hali hiyo iliendelea kwa majuma machache, kifua kikizidi kujaa, hadi ilipofika boti ya simenti. Ilikuwa mchana wa jua kali, gati limejaa watu: wachuuzi wa mikate, askari, abiria wanaosubiri kwenda Moba. Nilikuwa katikati ya ubao. Nakumbuka moyo ulianza kukimbia, nakumbuka nikiona mbao za ubao kwa ukaribu sana, kisha nakumbuka vumbi la simenti jeupe mdomoni na Papa Sylvain akipiga kelele watu wasogee. Gunia lilikuwa limepasuka chini yangu. Nilikuwa nakohoa povu la rangi ya waridi juu ya simenti, na sikuweza kuvuta hewa hata ya kusema jina langu. Walinilaza kwenye mkokoteni wa samaki. Walinipitisha barabara kuu yote, mbele ya maduka, mbele ya sokoni ambako Feza alikuwa na beseni lake. Sikuogopa kufa nikiwa juu ya ule mkokoteni. Niliogopa kwamba watu walikuwa wananitambua.

Siku nilipoweza kuzungumza, bado nina mpira wa oksijeni puani, daktari alimweleza Feza yote. Alimwonyesha mchoro uleule. Feza alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamsubiri atoke. Nilitegemea anifokee.

"Njo mimi ulikuwa unanificha?" aliuliza. "Wale wenzako wa poro, kule bandarini, sawa. Lakini mimi?"

Alikaa kitandani akanikata kucha za miguu, moja baada ya nyingine, kwa sababu miguu ilikuwa imepungua uvimbe na sasa zilionekana.

Mtaji wake wa samaki ulikuwa umeliwa na lopitali. Wiki niliyoruhusiwa kutoka, Feza alimwachia Mama Yvonne mtoto, akaenda kwa Papa Sylvain kuomba nafasi yangu. Nilisimuliwa baadaye. Papa Sylvain alimwambia wanawake hubeba ndagala na unga, hawabebi simenti. Feza alikwenda kwenye rundo, akainama, akaomba mtu amwekee gunia mgongoni, na hakuna aliyesogea. Kisha Papa Sylvain mwenyewe akamwekea. Alipita ubao. Alirudi. Jioni alirudi nyumbani na simenti kwenye nyusi.

Hapo ndipo mwaka wangu wenyewe ulipoanza, nikifikiri vizuri. Yote ya awali yalikuwa ugonjwa. Huu ulikuwa wakati wa kukaa. Nilikaa chumba cha mbele, mlango nimeurudisha ili wapita njia wasinione nikichambua sombe. Nilijifunza kupika bukari isiyo na madonge. Kwa kuwa sikutakiwa kula chumvi, Feza alikataa tupike sufuria mbili. Tulikula sombe ya maji matupu, na yeye, aliyekuwa ametoka jasho mchana kutwa, aliweka chumvi kidogo pembeni ya sahani akachovya kidole. Nilimwosha mgongo. Begani kulikuwa na ngozi iliyochubuka, kisha ikawa ngumu, mahali palepale ambapo bega langu nalo lilikuwa gumu. Aliweza kulala akiwa bado anatafuna. Nami nilimeza vidonge vyote, nikaenda chooni mara zote nilizohitaji, nikachomwa sindano kila mwezi, na nilipata nafuu kiasi cha kutembea mpaka kona ya mtaa, jambo lililozidisha aibu, kwa sababu sasa nilionekana mzima.

Siku moja nilimsikia Mama Yvonne nyuma ya ukuta wa matete akiongea na mama mwingine aliyekuja kuazima kinu. "Feza aliolewa na gunia," yule mgeni alisema. "Anabeba za poro mchana, anarudi kubeba ya nyumbani." Nilingoja Mama Yvonne acheke. Hakucheka. Alisema, "Mimi nilimutengea kikombe huyu baba. Kila siku nakiona pale kwa musumari. Nyamaza tu." Kwa miezi yote nilikuwa nimedhani katika ile parsele ni mimi peke yangu ninayeona aibu.

Daktari alimwandikia mwenzake Dar es Salaam, ambako madaktari wa ng'ambo walikuwa wanakuja kupasua mioyo. Nafasi ikapatikana, nauli na matumizi hatukuwa nayo. Kanisani kwetu mchungaji aliniita mbele Jumapili, akaeleza ugonjwa wangu kwa maneno yake, akaomba watu wachange. Nilisimama pale, mikono sijui niiweke wapi, na watu wakapita kwa mstari kuelekea kwenye kapu. Wabebaji wa bandarini, ambao wengi hawakuwa hata wa kanisa letu, walikuja wote na nguo za kazi. Papa Sylvain alipofika kwangu alisimama. "Ile siku nilikunusa," aliniambia kwa sauti ya chini, "sikusikia harufu yoyote." Akatia chake kapuni na kwenda kukaa.

Nilivuka ziwa hadi Kigoma, nikapanda treni nikiwa nimeketi wima njia nzima. Huko Dar waliniangalia moyo kwenye kioo cha mashine, na kwa mara ya kwanza niliuona mlango wangu, kitu kinene kinachotikisika bila kufunguka. Walikuwa wanajadili kuuondoa na kuweka wa chuma. Mmoja akaniuliza naishi wapi. Nilipotaja Kalemie, akauliza kama kuna mahali pa kupima ugandaji wa damu kila mwezi, kwa sababu mwenye mlango wa chuma humeza dawa ya kuilainisha damu maisha yake yote, na dozi ikikosewa ni kifo upande huu au ule. Nilimwambia hakuna. Basi wakaamua kuupasua mlango wangu mwenyewe palipogandamana, nikae nao huo. Umenifikisha hapa. Sindano nilichomwa mpaka nilipovuka miaka arobaini, na hao waliosema sitabeba mzigo tena walisema kweli. Nimekuwa mlinzi wa depo, kazi ya kukaa. Safari ya mwisho nilipopimwa waliniambia mlango unaanza tena kuwa mgumu, na safari hii sikumficha Feza hata mpaka chakula cha jioni. Bandarini nikimwona kijana anainama kutikisa kandambili ambazo hazina mchanga, namfuata namuuliza jambo moja: unalala chali, au unaketi? Wawili walikasirika. Mmoja aliketi chini akanieleza kila kitu.

Lakini nilikuwa nataka kusema kuhusu siku niliyorudi. Boti iliingia Kalemie asubuhi. Nilisimama mbele, kovu bado linawasha chini ya shati, na nikaiona safu ya wabebaji ikishusha boti iliyotutangulia, na katikati yao Feza, ameinama chini ya gunia la unga. Aliniona. Hakuliweka chini, alikuwa na ubao wa kumaliza, na watu nyuma yake. Niliteremka, nikatembea nyuma yake kutoka gatini mpaka depo, mwendo mmoja, bila kusimama, na hewa ilishuka mpaka chini. Hakuna aliyenitania. Ndani ya depo alitua gunia, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanigeukia. Kisha, mbele ya Papa Sylvain na wanaume wote niliowahi kuwapita kwa nguvu, aliegemeza sikio lake kifuani mwangu na kusikiliza. Nilitaka kurudi nyuma. Wote walikuwa wanatazama, na unga wake ulikuwa unabaki kwenye shati langu jipya, na masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Nilisimama. Alisikiliza kwa muda aliotaka yeye.

"Inatembea," alisema.

Akakaza kitenge, akaenda kuchukua gunia lingine, kwa sababu boti ilikuwa bado haijaisha.